Kutembea hadi Namugongo na watu ambao sikuwajua

Kila ikifika mwezi wa nne hivi watu wa jumuiya yetu huanza kuniuliza, Mwalimu, mwaka huu unaenda tena? Na swali linalofuata siku zote ni la miguu, eti mtu anatembeaje kutoka huku kwetu Western, Kenya, mpaka karibu na Kampala na bado arudi mzima. La miguu jibu lake ni fupi, inauma halafu inapona. Lile ambalo huwa nashindwa kulijibu vizuri pale nje ya kanisa, kila mtu akiwa na haraka ya kwenda nyumbani kupika, ni la watu, yaani nilitembea na nani na walinifanyia nini, kwa hivyo wacha niliandike hapa kwa urefu.

Kwa ambao hawajui, Namugongo ni pale nje kidogo ya Kampala ambapo tarehe 3 mwezi wa sita mwaka 1886 vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, walichomwa moto kwa kukataa kuacha dini yao. Mashahidi wa Uganda wanaohesabiwa kwa jumla ni 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliuawa kati ya 1885 na 1887, na wale 22 Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mwaka 1964. Siku hiyo Uganda ni sikukuu ya taifa zima, na kabla haijafika barabara zinajaa watu wanaotembea, wengi wa Uganda kwenyewe, wengine wa Kenya, Tanzania, Rwanda, Congo. Sisi tulipitia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Kutoka mpakani hadi Kampala ni karibu kilomita 200, unapita Bugiri, Iganga, Jinja, unavuka Nile, unaingia msitu wa Mabira, Lugazi, Mukono, ndio ukunje kuelekea Namugongo.

Kundi letu lilikuwa la parokia tofauti tofauti, na wengi tulikuwa hatujawahi kuonana. Kulikuwa na wakulima, vijana wa boda, mafundi, masista wawili, mama anayeuza omena soko la Busia, walimu kama mimi, na nyanya mmoja wa upande wa Bungoma aliyekuja na fimbo na kamfuko kadogo, huyo sote tulimwita Kukhu, yaani nyanya kwa Kiluhya, kuanzia saa ya kwanza. Nakumbuka niliangalia ile fimbo nikajiuliza huyu atafika kweli.

Pale mpakani, wabadilishaji pesa wakitupigia kelele kutoka kila upande na trela zimepanga foleni kama kawaida ya Busia, mwenyekiti wetu, mzee mmoja mkulima wa miwa, alitukusanya akasema maneno machache sana. Hapa hakuna mashindano. Wenye mwendo mzito watakaa mbele, wenye nguvu watakaa nyuma, na hakuna mtu kumpita Kukhu. Basi. Akafunga kwa sala tukaanza kutembea.

Sikuelewa uzito wa hiyo sheria mpaka siku ya pili. Ukiweka wenye nguvu mbele, wale dhaifu wanabaki nyuma pole pole, na hakuna anayewaona wakibaki, unakuja kusikia jioni kwamba fulani hayuko. Ukiwaweka mbele kila mtu anawaona. Ukimuona Kukhu ameanza kuegemea fimbo sana unajua ni saa ya kupumzika, hata kama wewe bado una nguvu ya kwenda kilomita kumi zingine. Na kwa kweli hiyo ndiyo zawadi kubwa nimewahi kuona mtu akipewa barabarani, mtu mwenye nguvu kukubali kwenda kwa mwendo wa mwingine kutwa nzima bila kunung'unika na bila kumfanya ajione mzigo. Chakula unaweza kumpa mtu ukasahau, pesa pia. Mwendo huwezi kumpa mtu ukiwa mbali naye, lazima uwe hapo hapo nyuma yake, hatua kwa hatua.

Wale vijana wawili wa boda ndio waliteseka mwanzoni, unajua mtu aliyezoea kukimbizana na abiria, sasa anaambiwa atembee nyuma ya nyanya wa miaka sabini na kitu. Siku ya kwanza walikuwa wanapiga hatua wanasimama, wanapiga hatua wanasimama. Halafu mmoja akachukua kamfuko ka Kukhu akakabeba. Halafu jua likawa kali akaomba mwavuli wa sista akawa anamfunikia. Na ukishamfunikia mtu mwavuli lazima muongee, hamwezi kutembea hivyo mmenyamaza kama mmekosana, basi Kukhu akaanza kumueleza kwa nini anatembea, ana mjukuu wa selimundu, mtoto akishikwa na maumivu analia usiku kucha, mama yake alishakufa, na yeye Kukhu hana kingine cha kumfanyia isipokuwa dawa za kliniki na hii hija. Kufika Iganga yule kijana alikuwa anajua tarehe za kliniki, anajua mtoto anapaswa kunywa maji mengi na asipigwe na baridi, anajua mpaka jina la mwalimu wake wa darasa. Mimi nilikuwa hatua chache nyuma yao nikisikia yote hayo.

Tulikuwa tunaanza saa kumi usiku tukwepe jua. Tochi mbele, tochi nyuma, wa kwanza na wa mwisho wamevaa jaketi za rifleksa, maana hiyo barabara ni ya matrela ya Mombasa na Kampala na usiku yanapita kwa kasi mpaka unasikia upepo ukikusukuma begani. Tunasali rozari kwa mafumbo, kila fumbo mtu anasema nia yake. Hii nayo nataka niieleze. Kila mmoja alikuja na nia nyingi za watu waliobaki nyumbani, unajua ukisema unaenda Namugongo jirani anakupa karatasi, shangazi anakutumia meseji, hata mtu ambaye hamsalimiani vizuri anakuja usiku kukuambia niombee kesi ya shamba. Sista mmoja alikuwa na daftari ambamo zote ziliandikwa, na usiku tukifika mahali pa kulala tunabadilishana, mimi nachukua ya mwingine, mwingine anachukua yangu. Kwa hivyo kesho yake unatembea kutwa nzima na shida ya mtu usiyemjua kichwani, na yako iko kwa mtu mwingine, hauibebi wewe. Sijui kama naeleza vizuri. Nilikuwa nimeenda na jambo la nyumbani kwangu ambalo lilikuwa limenikosesha usingizi kwa muda mrefu, na ile siku nilijua kuna fundi cherehani hapo mbele anatembea nalo, nilihisi mwepesi kwa namna ambayo sijawahi kupata hata kwa kuongea na ndugu zangu.

Sasa miguu. Baada ya Bugiri malengelenge yalinitoka kisigino cha kulia na chini ya kidole kikubwa, nikawa nakanyagia ubavu wa mguu, nikanyamaza. Nilikuwa na raba mpya nzuri, watu walishazisifu, na mimi ni mwalimu, nimezoea kuwa ndiye anayeuliza wengine kama wako sawa. Jioni tulipofika parokia moja ya Busoga ya kulala, yule mama wa omena akaja moja kwa moja akiwa na karai la maji ya moto na chumvi, akakaa chini kwenye sementi akasema, Mwalimu lete mguu. Nikasema niko sawa mama. Akasema sijakuuliza kama uko sawa, nimesema lete mguu. Aliniona tangu saa nne asubuhi, alisema, mtu akichechemea hata soksi zinajua.

Aliuweka mguu wangu mapajani mwake juu ya leso. Akaosha katikati ya vidole, mahali ambapo hata mimi mwenyewe huwa naosha haraka haraka. Akachukua sindano akaipitisha kwenye spiriti na uzi wake, akatoboa lengelenge upande mmoja ikatokea upande wa pili, akakata uzi akaacha kipande kimening'inia pande zote mbili, akanieleza usiuvute, maji yatafuata uzi yatoke yenyewe usiku, ngozi usiibandue hata ikikuwasha vipi. Halafu akanipaka mafuta ya mgando visigino vyote viwili, hata kile kizima, akanivisha soksi zake mwenyewe, nene, zile za mtumba, akaniambia raba zako ni nzuri lakini kesho vaa malapa mpaka Iganga. Mikono yake ilikuwa migumu, ya mtu anayebeba magunia, na ilikuwa taratibu kuliko mikono yoyote iliyowahi kunishika. Na alipomaliza kwangu akasogeza karai kwa anayefuata. Alifanya hivyo kila jioni mpaka mwisho, na hajawahi hata siku moja kuongelea hilo jambo mbele ya watu.

Mimi nasema kupokea ni kazi. Kutoa nilishafundishwa tangu Sunday school, sadaka, kusaidia maskini, kutembelea wagonjwa. Kukaa kwenye benchi mtu mzima mwenzako akuoshe mguu unaonuka jasho la barabara na wewe huna cha kumpa, hilo sikuwahi kufundishwa popote, na nadhani ndio maana wengi wetu tunakuwa na marafiki wa kucheka nao tu, hatuna wa kutuona tukiwa tumeshindwa.

Wenyeji wa hiyo parokia walikuwa wametupikia posho, yaani ugali, na maharage na chai ya mchaichai, sufuria kubwa kabisa, na mama mmoja mzee wa pale alipotuona tumepanga miguu yetu kwenye mikeka akaanza kutusimulia habari za Gonzaga Gonza, kwa Kiswahili cha kuunganisha unganisha na Kisoga, kijana mmoja akitafsiri yanapokwama. Gonza alikuwa Msoga. Wale mashahidi walihukumiwa Munyonyo wakatembezwa kwenda Namugongo wakiwa wamefungwa minyororo, na Gonza ile minyororo ilimkata miguu mpaka ikawa vidonda, akatembea hivyo hivyo akaishiwa nguvu njiani, walipofika mahali panaitwa Lubaawo akashindwa kabisa, wakamchoma mikuki hapo hapo, tarehe 27 mwezi wa tano. Hakufika Namugongo. Ni msimamizi wa wafungwa na wasafiri. Nilikuwa nimesoma majina ya mashahidi miaka mingi kwenye kalenda na vitabu vya sala, majina tu, na usiku ule nikiwa na kauzi kamening'inia kwenye kisigino ndio mara ya kwanza nilimfikiria mmoja wao kama mtu mwenye miguu.

Na nilikumbuka habari ya Gonza tulipofika Lugazi. Mabira tulipita vizuri, kuna kivuli na kuna nyani, ingawa barabara pale ni nyembamba na inabidi kutembea mstari mmoja, lakini kutoka msituni mvua ilitushika, mvua ya mwezi wa tano inayonyesha kama imelipwa, na mmoja wetu, baba wa makamo, alianza kutetemeka, malaria au uchovu sijui. Mwenyekiti akasema aingie kwenye pikapu ya mizigo. Yule baba akakataa, akalia kabisa, akisema ameahidi kutembea hatua zote. Na kulikuwa na wachache waliosema chini chini eti akipanda gari hija yake imeharibika. Hapo sikubaliani nao hata kidogo, na nilisema pale pale. Gonza hakumaliza njia na ni mtakatifu. Hakuna mahali imeandikwa kwamba Mungu anahesabu kilomita. Anayemwambia mgonjwa avumilie atembee ili ahadi itimie, huyo anapenda hija kuliko anavyompenda hujaji. Mwishowe mama wa omena alipanda naye kwenye pikapu, mwenyewe akiwa na nguvu zake zote, ili asikae huko peke yake akijiona ameshindwa. Mwanamke mzima aliyekuwa ametembea kila hatua tangu soko la Busia, akaziacha hizo za Lugazi hadi Mukono ili mtu mwingine asione aibu. Sikusikia tena mtu akinong'ona.

Kuna mwingine lazima nimtaje. Yule kijana aliyekuwa anatafsiri kule Busoga kumbe alikuwa Mwanglikana, anaenda Namugongo peke yake, na kanisani kwao hakupata mtu wa kutembea naye mwaka ule. Akaomba aungane nasi. Rozari haisali, lakini alikuwa anatembea kimya kando tukisali na akishika tochi ya nyuma. Jinja ndiye alitutafutia pa kulala wenyeji wetu walipochelewa, akabisha nyumba za watu anaowajua na wengine asiowajua, na kila mlango ulipofunguka watu walisema kulika, salamu yao ya kumpokea aliyetoka safari, wakachukua mizigo yetu kabla hatujajieleza sisi ni nani. Kwenye nyumba niliyolala mimi mama mwenye nyumba alitoa watoto kwenye kitanda chao, nikakataa, akaniambia watoto wanafurahia kulala chini, na kweli walikuwa wanacheka usiku mzima.

Ukifika Namugongo njia zinagawanyika, Wakatoliki wanaenda basilika, ile iliyojengwa kwa umbo la nyumba ya msonge mahali alipochomwa Karoli Lwanga, mkubwa wa wale vijana wa ikulu, na Waanglikana wana mahali pao pa hija Nakiyanja, si mbali. Tuliagana na yule kijana hapo njia panda, na Kukhu akamshika mkono akakataa kumwachilia. Wakati ule vijana wa ikulu hawakutenganishwa hivyo, Wakatoliki na Waanglikana walifungwa pamoja na wakachomwa pamoja. Papa Fransisko alipokuja mwezi wa kumi na moja 2015 alienda kwanza kwa Waanglikana kabla ya kwenda upande wa Wakatoliki. Basi mwenyekiti akasema kama Papa alipita huko na sisi tutapita, na jioni ya tarehe 2 wale wenye nguvu bado tulienda tukasali naye, tukarudi kulala kwenye nyasi na maelfu ya watu, mablanketi na karatasi za nailoni kila mahali, kila pembe wanaimba kwa lugha yao, na usingizi ule wa nje nililala vizuri ajabu.

Misa yenyewe nitaieleza siku nyingine, ni ndefu na ni nzuri na umati ni mkubwa kiasi kwamba wengi tuliifuata kwa vipaza sauti tu. Tulichota maji ya pale ziwani kwenye vichupa kama wengine wote, tukapanda basi kurudi. Safari iliyotuchukua siku kibao kwa miguu basi liliimeza kwa nusu siku, na ndani ya basi hakuna aliyeongea sana.

Watu huuliza huo urafiki ulidumu ama uliishia kwenye basi. Wengine tumepoteana, huo ndio ukweli, na sioni kama ni jambo baya, mtu anaweza kuwa rafiki yako wa kweli kwa kilomita 200 halafu kila mmoja akarudi kwa maisha yake. Lakini grupu ya WhatsApp bado iko hai. Baba yangu alipofariki walikuja kwa matatu mbili, kutoka Busia, Mumias, Bungoma, na yule mama wa omena alifika siku moja kabla ya mazishi na gunia la samaki, akaingia jikoni akafunga leso akaanza kupika kama mtu wa ukoo, ndugu zangu wakaniuliza huyu ni wa upande gani. Yule Mwanglikana alituma pesa kutoka Iganga, kidogo, na meseji ndefu. Yule kijana wa boda ndiye anampeleka mjukuu wa Kukhu kliniki kila tarehe ikifika, hachukui nauli, na kukiwa na baridi anamvalisha jaketi lake la pikipiki linalomfika magotini.

Mwaka huu tunapanga kuondoka mapema zaidi, tuongeze siku za kulala njiani, kwa sababu goti la mama wa omena limeanza kusumbua na daktari amemwambia apunguze. Amesema atatembea Busia hadi Bugiri na aone. Kukhu haendi, umri umekataa, lakini ameshatuma fimbo yake, na kikao cha Jumapili iliyopita kimeamua ni ya mama wa omena mpaka atakapoichoka. Mimi nimepewa daftari la nia. Jirani zangu wameshaanza kuleta karatasi.